Mistari Saba Chini ya Wino

3 Machi

Kaka,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua: umefungiwa kambini na watunga mtihani wenzako, simu mmenyang'anywa, mnakula na kulala kwa kengele mpaka karatasi ya mtihani wa wasimamizi wa mifumo ikamilike. Miezi mitatu! Na mimi niko gerezani kwa ajira. Tofauti yetu ni kwamba mimi jioni narudi nyumbani.

Nimeandika kwa sababu nimelisoma pendekezo lako walilolitangaza. Eti kuanzia mwaka huu msimamizi wa mifumo hapewi cheti mpaka ajibu maswali ya kiini cha mfumo. Kiini! Lile tabaka la ndani kabisa linalozungumza na vyuma vya kompyuta, ambalo sisi tunaolinda mashine hatuligusi miaka nenda miaka rudi. Nilimsomea shemeji yako kwa sauti, akasema, "Kaka yako anataka dereva wa lori ajue kuyeyusha chuma." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Unaijua kazi yangu ilivyo? Jumatatu nimeingia saa mbili, nakuta damu mlangoni. Mfungwa wa jikoni kamchoma wa useremala kwa mswaki aliousugua sakafuni mpaka ukachongoka. Umeingilia chini ya taya, ukatokea mdomoni. Yule mtu alikuwa anajaribu kusema jambo, na ile ncha inacheza juu ya ulimi. Nikairuka damu, nikaingia chumbani kwangu, nikakagua nakala za akiba, nikawabadilishia nywila askari watatu wanaozisahau kila wiki, nikafuta picha za kamera zilizojaza diski. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna aliyeniuliza habari za kiini.

Hayo magenge mawili, Jikoni na Useremala, yameapiana kuuana. Na shemeji yako ndiye anayesimama kooni. Hujafika huku, acha nikueleze: koo ni ujia mwembamba kati ya mabweni na karakana, una mlango wa chuma huku na mlango wa chuma kule. Funguo za mkono hakuna, ziliondolewa baada ya mtu kutoroka. Milango inafunguliwa na mashine, na mwenye mashine ni mimi. Kila asubuhi namwona mume wangu kwenye kioo cha kamera, anainua mkono, nabonyeza, wa nyuma yake unajifunga, wa mbele unafunguka. Kila siku namtoa humo mzima, na kiini sijui ni mnyama gani.

Itoe hiyo mada. Ukiipitisha, watu wa vitendo kama nilivyokuwa mimi watakosa cheti, na watakaokipata ni wale wanaojua kitabu lakini wakiona damu wanazimia.

Mama anakusalimu. Anauliza kama mnapewa blanketi.

Mdogo wako, mwenye hasira.


11 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie Mama blanketi tunapewa, tena mbili.

Barua yako imenifikia ikiwa wazi. Hapa kila barua husomwa na mkaguzi, ya kuingia na ya kutoka. Ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, na mezani ana chupa ya wino mweusi. Kwa sasa hana kazi kubwa, maana mada zinajadiliwa hadharani. Tukishapiga kura, zitakazopita zitakuwa siri. Kwa hiyo nitukane sasa, kabla hujakatazwa.

Shemeji na lori lake! Mwambie sitaki dereva ayeyushe chuma. Nataka ajue breki ziko wapi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Milango yako inafunguka kwa sababu kuna kadi ndani ya mashine, na kadi hiyo inaamrishwa na kiendeshi, programu ndogo ya kuiongoza, na kiendeshi kinaishi ndani ya kiini. Ukileta kiini kipya bila kukijenga upya kiendeshi, ni sawa na kubadilisha kitasa ukabaki na ufunguo wa zamani. Hilo ndilo swali langu. Siulizi zaidi ya hapo.

Unadhani ni majivuno. Sijawahi kukuambia kwa nini niliacha kazi ya kiwandani. Msimamizi wetu, kijana mwenye vyeti vitano ukutani, alisasisha mashine ya kukata mabati akaiwasha. Kiini kipya hakikuitambua breki. Fundi alikuwa anapangusa meza. Kisu kilishuka kikamkata mikono yote miwili, juu ya viwiko. Mmoja niliuokota mimi, nikaufunga kwa shati langu, nikakimbia nao kana kwamba kuna mahali pa kuupeleka. Kijana bado ana vyeti vitano. Mimi shati sinalo, na usingizi sinao.

Hapa kiongozi wa wanaokataa ni mzee mmoja tunamwita Mzee wa Kebo, kwa kuwa alianza kazi akivuta nyaya darini. Hana tofauti na wewe. Jana kasema mada yangu ni ya kujionyesha. Nikamwambia cheti anachokitaka yeye ni leseni ya kuua. Akanitemea mate. Sikumbuki nilifikaje upande wake wa meza. Nakumbuka kibodi mkononi mwangu, vitufe vikiruka, na jino lake likiwa katikati ya vitufe kwenye zulia. Aliniuma vidole viwili mpaka mfupa ukaonekana. Walituachanisha watu wanne. Leo tumekaa tena meza ileile, yeye na pamba mdomoni, mimi na bendeji, na mjadala unaendelea. Kura ni tarehe ishirini na tano.

Sasa niambie. Mashine ya milango uliisasisha lini mara ya mwisho, na ilikuandikia nini?

Kaka yako.


19 Machi

Kaka mpiga wazee,

Habari ya jino nimemficha Mama. Angekuja hapo kambini na mwiko. Habari ya yule fundi nimeisoma mara mbili na sikumsomea shemeji yako. Pole. Lakini kiwanda kimoja si dunia nzima.

Umeuliza, nakujibu. Novemba mkuu wa gereza aliagiza mashine zote zisasishwe kwa sababu kuna wageni wa kukagua. Nikasasisha. Ikaandika mistari kama mia mbili, na katikati mmoja wa njano: kiendeshi cha kadi ya milango hakikujengwa kwa kiini kipya. Njano, kaka, si nyekundu. Ikasema kiini kipya kitaanza kutumika nikiiwasha upya. Sijaiwasha upya, maana kuizima ni mpaka wafungwa wote wafungiwe siku nzima, na mkuu hataki hata kusikia. Kampuni iliyotufungia milango ilishakufa, simu yao inaita tu. Basi imekaa hivyo tangu Novemba, na milango inafunguka kama kawaida.

Unaona? Miezi minne nalala na huyo mdudu wako chumba kimoja na hajaniuma. Ule mstari wa njano una maana gani? Niambie, tupate cha kucheka.

Tunachokiogopa huku ni kingine. Ijumaa Jikoni waliwamwagia wawili wa Useremala sufuria ya maji yanayochemka. Mmoja alipovuliwa shati, ngozi ya mgongo ikaja na shati. Shemeji yako aliingia kuwaamua, akarudi nyumbani mdomo umepasuka na nywele za mtu zimeganda kwenye saa yake. Tukala. Baadaye akaniambia, "Wale wakikutana kooni, huku sita na huku sita, na mlango ukachelewa dakika moja, mtatuzoa kwa koleo." Nikamwambia mlango hautachelewa. Akaniamini, akalala palepale kwenye kiti.

Nijibu upesi, na uache kupiga watu.

Mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika saa nne na saa nne hiihii nakujibu, nimesimama. Weka mzaha kando. Soma polepole, ukimaliza usome tena:

(Mistari saba imefutwa kwa wino mweusi.)

Fanya hivyo hata mkuu akikutukana. Usiniandikie kubishana.

Kura ilipigwa juzi. Siruhusiwi kusema imekwendaje. Ila Mzee wa Kebo hakuja kula, na mimi nimekula chakula cha watu wawili.

Kaka yako.

(Muhuri: IMEKAGULIWA. MADA ZILIZOPITISHWA HAZITAJWI.)


6 Aprili

Mdogo wangu,

Mpishi kafungia vitunguu gazeti la juzi, nami nimelisoma likiwa limelowa. Milango ya gereza lenu imegoma. Askari mmoja na wafungwa wanne wamekufa. Majina hawakuandika.

Nilikuambia! Nilikuandikia mistari saba, hatua kwa hatua, kama anavyoandikiwa mtoto wa darasa la kwanza. Hukuhitaji cheti, hukuhitaji kitabu, ulihitaji kunisikiliza mara moja tu katika maisha yako. Tangu utoto ndivyo ulivyo. Nikisema moto, wewe mpaka uguse. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe guu ulilovunja safari hii ni la watu watano. Ulicheka na nani? Uliikunja barua yangu ukaweka chini ya kikombe?

Nimekasirika mpaka nimepiga ukuta na vidole vimefumuka upya. Ungekuwa hapa ningekuzaba kofi, Mungu anisamehe.

Msalimie shemeji. Mwambie nashukuru ni mzima, maana angekuwa yeye mngeshaniambia, na ahame kooni, aombe kazi ya getini.

Kaka yako.


12 Aprili

Kaka,

Mama alikataza usiambiwe mpaka utoke. Lakini umeniuliza nilicheka na nani.

Shemeji yako tumemzika tarehe mbili.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe thelathini na moja, saa tatu. Umeme ulikatika. Jenereta likawaka baada ya nusu dakika, kama siku zote, ila betri ya akiba chini ya mashine ilikuwa imekufa na hakuna aliyejua. Mashine ikazimika, ikawaka yenyewe. Kila kitu kikarudi: taa, kamera, majina ya askari. Milango ikakaa kimya. Ikikosa amri hujifunga, ndivyo ilivyotengenezwa.

Kooni walikuwa kumi na watatu. Sita wa Useremala wanatoka karakana, sita wa Jikoni wanaingia kufagia, na yeye katikati. Mimi nilimwona kwenye kioo akiinua mkono. Nikabonyeza. Akainua tena. Nikabonyeza. Akageuka akaitazama kamera, na nikaona midomo yake inaita jina langu.

Sikufichi kitu. Dakika mbili za mwanzo hawakufanya lolote, walitazamana. Kisha wakaelewa kuwa mlango hautafunguka. Mmoja wa Useremala alikuwa na patasi kwenye soksi. Akamchoma mwenzake wa Jikoni shavuni, akaivuta kwenda chini kama anayefungua gunia. Shemeji yako akamrukia mwenye patasi akamtupa ukutani, na hapo wote wakaona adui ni yeye. Walimpiga na rungu lake mwenyewe. Walimpiga na vipini vya mifagio, na vilipovunjika wakatumia ncha. Aliinuka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa na jicho moja, na bado anavuta mfungwa mmoja aliyeanguka, anamweka nyuma yake asikanyagwe. Kamera zetu hazina sauti. Sauti ilikuja kwa ukuta.

Mkuu aliingia chumbani kwangu akanishika nywele akanigonga uso kwenye meza. "Fungua! Fungua, malaya wewe!" Meno mawili yamelegea. Nilizima mashine nikawasha. Ikarudi vilevile. Nikazima nikawasha tena. Hapo nikakumbuka barua yako. Ilikuwa imefika asubuhi hiyohiyo na sikuwa nimeifungua, ilikuwa mfukoni. Nikaiwasha mashine mara ya tatu, na wakati inawaka nikapasua bahasha.

Nimekuambatanishia barua hiyo. Isome, kaka. Soma polepole, ukimaliza usome tena.

Niliishikilia dirishani kwenye jua. Niliigeuza. Wino umepakwa mbele na nyuma. Niliikwangua kwa kucha mpaka karatasi ikatoboka. Nikaiwasha mashine mara ya nne, na mkuu ananipiga mateke ya mgongo, na sikujua la kufanya, sikujua, sikujua.

Walikata mlango kwa msumeno wa umeme. Dakika arobaini. Wa mwisho kutolewa alikuwa shemeji yako, na yule mfungwa aliyemweka nyuma yake alitoka hai, anatembea.

Ningekuuliza hivyo hivyo kwenye barua yangu ya kwanza, tarehe tatu Machi, ungenijibu, na barua ingefika safi. Mlikuwa hamjapiga kura. Uliipitisha mada yako, ikawa siri, na jibu langu likawa siri pamoja nayo. Hongera kwa ushindi.

Nilikuwa mke wa mtu.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa mahabusu ya polisi. Huku barua hazifutwi.

Nilipoiona karatasi ile nilitoka nayo mkononi mpaka ofisini kwa mkaguzi. Alisimama kunipokea. Nilimpiga kwa chupa yake ya wino. Ilipovunjika niliendelea kwa kitako chake. Hakujikinga, alikuwa anauliza tu, "Nimefanya nini, mwalimu? Nimefanya nini?" Damu na wino vilichanganyika usoni mpaka sikuona pa kupiga. Anayejua kama jicho litapona ni daktari. Aliyeniondoa juu yake ni Mzee wa Kebo, alinikumbatia kwa nyuma akalia nami.

Nimeiandikia bodi waiondoe mada ya kiini. Sitaki tena. Mzee wa Kebo anaunga mkono, atakuita ushuhudie kwenye kikao. Nenda, uwaeleze yaliyokupata, waione ilivyo.

Na nakuomba kitu kimoja. Usiulize kulikuwa na nini chini ya wino. Yalikuwa mambo magumu, ya kujenga kiendeshi upya, kazi ya saa nyingi. Hata kama ungeyasoma usingeweza kuyafanya peke yako, siku ile, kwa muda ule. Hakuna ambacho ungekifanya. Lishike hilo. Kosa ni langu na la yule mwenye chupa.

Kuhusu shemeji, nilimtumia salamu akiwa kaburini.

Kaka yako, kama bado unanikubali.


24 Aprili

Kwa mama mjane,

Hunijui. Mimi ndiye mkaguzi wa barua wa kambi ya mtihani. Namwandikisha muuguzi, kwa kuwa macho yote mawili yamefungwa. La kushoto halitarudi.

Sijaandika kulalamika. Kaka yako aliponipiga sikujua sababu. Nimeelezwa baadaye, na nimetamani angenipiga zaidi. Kompyuta mimi siijui, mama. Nilikuwa mpiga chapa. Siku ya kura hupewa orodha ya maneno, safari hii yalikuwa kumi na tisa, na kazi yangu ni kufuta aya yoyote yenye neno hata moja kati ya hayo. Sisomi maana. Nilishaambiwa nikisoma maana nitachelewesha barua. Ile ya kaka yako ilikuwa na neno "kiini" mara tatu. Nilipaka wino, nikapuliza ukauke, nikaifunga vizuri ili isichafuke.

Kanuni inataka tuhifadhi nakala kabla ya kufuta. Nilipofukuzwa kazi nilimwomba mwenzangu aniletee ile yako. Nimeona ni haki yako, maneno yalikuwa yako. Muuguzi ananakili kama yalivyo:

"Mashine hiyo usiizime kwa sababu yoyote. Badilisha betri ya akiba leo, si kesho.
Ikizimika yenyewe, itakapoanza kuwaka tu itaonyesha mistari miwili inayofanana.
Tofauti ni tarakimu ya mwisho. Wa juu ni kiini kipya, wa chini ni kiini cha zamani.
Mistari hiyo hukaa sekunde tano, kisha mashine huchagua wa juu.
Usiiache ichague. Bonyeza mshale wa chini mara moja, kisha ubonyeze ingiza.
Kiini cha zamani kinaijua kadi. Milango itafunguka.
Yaandike haya kwenye karatasi, ubandike ukutani."

Natumaini yatakusaidia kitu.

Mkaguzi wa zamani.


2 Mei

Kaka,

Umeniandikia yalikuwa mambo magumu.

Mkaguzi kaniletea nakala. Masikini ya Mungu alidhani ananifanyia wema, na usimpige tena hata moyoni. Nimeisoma nikiwa nimekaa kitandani upande wa shemeji yako. Mshale wa chini, mara moja. Mama alisikia sauti akaja mbio, akadhani nimejichoma.

Tangu siku ile milango inafungwa kwa minyororo. Jana nimeweka betri mpya, wafungwa wakafungiwa, nikaizima mashine nikaiwasha. Mistari ikatokea. Sasa nakumbuka nilikuwa naiona siku ile, nikadhani ni jina la mashine limeandikwa mara mbili. Nikabonyeza mshale, nikabonyeza ingiza. Milango yote ikaitika kwa pamoja, na askari walionizunguka wakapiga makofi. Nilitapika kwenye ndoo ya taka.

Uongo wako nimeusamehe. Nimejua ulitaka niweze kulala. Hayo mengine sijayasamehe, na usinikimbize.

Kikao cha bodi nitakwenda. Mzee wa Kebo anataka nilie mbele yao ili mada itoke, na wewe umewaandikia itoke. Nyote wawili mmeogopa. Nitawaambia ikae. Nitawaambia waulize hivi: mistari miwili, sekunde tano, na upande wa pili wa ukuta mtu wako anauawa, unabonyeza nini? Asiyejua asipewe milango ya kulinda. Mwaka niliofanya mimi ule mtihani, swali hilo lingekuwepo, ningefeli. Ningekaa nyumbani bila cheti, shemeji yako angekuwa hai, na jioni tungekuwa tunakusema wewe na majivuno yako. Na nitawaambia orodha ya maneno kumi na tisa waichome, kwa maana haimzuii mwizi wa mtihani, inamzuia mtu anayeuliza.

Mwezi wa tisa nafanya mtihani upya. Usinifundishe, nitajifundisha.

Umeuliza kama bado nakukubali. Sijui. Jumapili nitakuletea nguo na sabuni. Usinisemeshe habari za siku ile, kwa sababu iko sehemu moja sikukuandikia, na nikishaisema hapa sitaisema tena. Mara ya tatu nilipoiwasha mashine, nilikuwa nimeipa mgongo. Ile mistari miwili ilikuwa inawaka kwenye kioo nyuma yangu, sekunde zake tano zote, na mimi nimesimama dirishani, nimeinua barua yako juani, natafuta ulichoniandikia.

Mdogo wako.